Historia ya Marehemu Baba

Mwaka tuliopata uhuru nilikuwa darasa la nne katika shule ya misheni huko Mkumbi, na mpaka hapo historia yote niliyoijua ilikuwa ya watu wengine. Nilijua ni Mzungu gani "aliyeligundua" Ziwa Nyasa, ingawa ndugu za mama yangu walikuwa wakila samaki wa ziwa hilo kabla babu yake Mzungu huyo hajazaliwa. Nilipouliza kama wavuvi walikuwa hawalioni, nilichapwa kwa ubishi. Ubishi ninao hadi leo. Viboko havikuufanya kitu.

Baada ya bendera mpya kupandishwa, mwalimu wetu wa historia, kijana aliyependa kuvaa suruali yenye pasi kali hata kwenye matope, alikifunga kile kitabu akakitupa juu ya kabati. Akasema kuanzia leo tunajifunza historia yetu wenyewe, na historia yetu inaanzia nyumbani. Alitaka kila mtoto asimame amtaje baba yake, babu yake, baba wa babu yake, aendelee hivyo mpaka akwame.

Kwa watoto wa Kimatengo hilo halikuwa swali gumu. Kwetu ukoo mmoja una mlima wake, kuanzia kileleni hadi kijitoni, na mtoto anawajua mababu zake kwa sababu ndio waliomwachia mahali pa kuchimba ngoro, yale mashimo tunayolima kwenye miteremko ili mvua isikokote udongo. Mlima unaupata kwa baba. Baba naye aliupata kwa baba yake. Wenzangu walisimama mmoja mmoja wakateremsha majina kama wanaimba litania. Zamu yangu ilipofika nikataja jina langu, nikataja la baba, nikakwama.

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka, ila aliniambia kwa upole nikaulize nyumbani, na upole wake uliniuma kuliko kicheko.

Nilimkuta bibi, mama yake baba, amekaa kizingitini anapukuchua maharage. Alikuwa mzee tayari, mdogo wa mwili, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Mwalimu anataka jina la babu." Akaitikia marahaba, akaendelea kupukuchua. Nikarudia. Vidole vyake vilisimama kidogo, kisha vikaendelea. Baba alikuwa anapita na kikapu cha kahawa mbivu, akasikia. Akanishika mkono akanipeleka mpaka mwisho wa shamba, mahali ambapo bibi asingetusikia.

"Usimuulize mama yangu neno hilo tena," alisema. "Kamwambie mwalimu wako babu yako ni fulani." Akanitajia kaka wa bibi, mzee aliyekuwa mkuu wa mlima ule.

"Lakini yule ni mjomba wako, baba."

"Umesikia nilichosema."

Kesho yake nikasimama nikataja mababu wa mjomba wa baba, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu akanipongeza mbele ya wote. Nilipata vema kwa historia isiyo yangu, na nadhani siku hiyo ndipo nilipoanza kuwa mwalimu, kwa hasira tu. Nilitaka kujua kwa nini mtu mzima aogope jina.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyenifundisha historia ya kwetu bila kukusudia. Alikuwa Mngoni, mlinzi wa ghala la kahawa la ushirika pale Mbinga mjini, mtu mrefu mwenye sauti ya kupasua mbao. Wangoni na Wamatengo ni watani. Zamani walituvamia, wakatuteka, wakatukimbiza mpaka kwenye miteremko hii mikali tunayoilima. Vita vilipokwisha, waliobaki wakageuza uadui kuwa mzaha. Kwa hiyo msiba ukitokea kwetu, mtani Mngoni anakuja bila kuitwa. Anawapaka wafiwa majivu, anaiga jinsi marehemu alivyokuwa akitembea, na mwisho anaingia kaburini anajilaza humo, anakataa kutoka mpaka apewe kitu. Waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka.

Yule mlinzi hakukosa msiba hata mmoja wa kijijini kwetu. Na utani wake na baba ulikuwa mkali kupita wa wote. "Mateka wangu huyu!" alipaza sauti akimwona. "Nani amekufungua kamba?" Baba naye, mtu aliyekuwa mgumu hata wa kutabasamu, alimjibu kwa matusi ambayo sisi watoto tuliyarudia huku tukijificha. Siku hizo pekee ndizo nilizomwona baba akicheka mpaka machozi yakamtoka. Mama alikuwa akisema hao wawili wangezaliwa nyumba moja wangeiteketeza.

Nilisoma, nikafaulu, nikaenda chuo cha ualimu, na nilipotoka nilipangiwa shule ya msingi ufukweni mwa ziwa. Azimio lilikwishatangazwa, vijiji vya ujamaa vinaanza, na sisi walimu vijana tulijiona tumebeba nchi kichwani. Nilishuka kutoka Mbinga juu ya lori lililobeba mabati na chumvi, nikafika nikiwa nimekohoa vumbi la wilaya nzima. Wanyasa walinipokea kwa ugali wa muhogo na usipa, visamaki vidogo vya ziwa lao, na wakaniambia Mmatengo akishuka ziwani ni lazima kwanza augue malaria ndipo awe mtu. Niliugua.

Nilifundisha historia kama nilivyotaka kufundishwa. Niliwatuma watoto kwa wazee wao wakaulize, nao walirudi na mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote: jinsi watu wa ufuko walivyojenga vibanda juu ya nguzo ndani ya maji, na wengine kulala kwenye miamba ziwani, ili Wangoni wasiwafikie, maana Wangoni hawakuwa watu wa maji. Darasa lilichangamka. Hata watoro waliacha utoro. Nilijisikia nimezaliwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Katika darasa hilo kulikuwa na binti wa mganga wa zahanati, Mngoni. Sikumwona alivyoanza kujikunja kwenye dawati. Wiki haikupita, wenzake wakakataa kukaa naye, na kwenye mstari wa maji mmoja akamwambia arudishe watu waliotekwa na babu zake. Watoto hawana utani. Utani ni kazi ya watu wazima, unafundishwa, na mimi nilikuwa nimewapa vita bila kuwapa utani. Niliwaeleza kwamba Wangoni wenyewe walifika huku wakikimbia vita vya kusini, kwamba wengi wanaoitwa Wangoni ni wajukuu wa mateka. Nikawafundisha na utani wenyewe, binti yule akicheza mtani, na alikuwa hodari ajabu. Lakini habari ilikwisha kufika mbele.

Katibu wa chama aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa Singida, mpole, mwenye kikohozi, ambaye hakuwa na nia mbaya na mimi hata kidogo, na ndiyo maana nilishindwa kumchukia. Alinipa kiti.

"Mwalimu," alisema, "mimi kwetu Mnyaturu, mke wangu Mpare, mwenyekiti hapa Mnyasa, wewe Mmatengo. Tumekaa meza moja. Unajua ni kazi kiasi gani kutufikisha kwenye meza hii?"

"Naelewa, ndugu katibu. Lakini watoto wana haki ya kujua walikotoka."

"Wajue wanakokwenda kwanza. Ukiwafukulia mambo ya nani alimteka nani, utayafukia tena kwa kitu gani?"

Nikabisha. Nilisema nchi inayoogopa babu zake haitakaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akaniambia kuanzia muhula ujao nitafundisha hesabu. Nilitoka pale nimejaa sumu. Usingizi ulinipaa kwa ajili ya swali lake, kwa sababu nilijua kuwa nilikuwa nimelikuta swali hilohilo mwisho wa shamba la kahawa, nikiwa mtoto.

Nikiwa katika hesabu hizo bibi akafariki.

Nilifika nyumbani baada ya kulala njiani Mbinga. Msiba ulikuwa mkubwa, mlima mzima umekusanyika, na mtani wetu yupo. Lakini hakupaka mtu majivu. Kaburi lilipokuwa tayari watu walimsubiri aingie, wakaanza hata kucheka kabla, naye akabaki amesimama kwenye mibuni, kofia mkononi. Mtu mmoja akamwita, "Mtani, kitanda chako tayari!" Akatikisa kichwa akasema mgongo unamuuma. Watu wakaona uzee umemfika. Mimi sikuona uzee. Baba alikuwa anamtazama, na macho ya baba yalikuwa ya mtu anayeomba.

Baada ya maziko nilimfuata njiani, alipokuwa anarudi mjini. Nikamwamkia, nikamuuliza bila kuzunguka kwa nini hakumtania bibi yangu.

Alitembea kwanza. Kisha akasema, "Mtu hamtanii aliyemlea baba yake."

Akanieleza tukiwa tunatembea. Bibi aliletwa kwao akiwa msichana, katika vita vya mwisho mwisho, amefungwa kamba pamoja na wengine. Babu yake huyu mlinzi akamfanya mke, mdogo wa wote. Mke mkubwa alipokufa, bibi ndiye aliyemlea mtoto wake, na mtoto huyo ndiye baba wa mlinzi. Kisha vikaja vita vya Majimaji. Mume akafa, Wajerumani wakachoma vyakula, njaa ikaingia Ungoni mpaka watu wakala mizizi. Bibi akaondoka kurudi kwao milimani, na mgongoni alikuwa na mtoto mchanga.

"Baba yangu alimlilia mpaka uzeeni," alisema. "Alinituma nimtafute. Nikatafuta kazi Mbinga ili niwe karibu."

"Na baba anajua?"

"Anajua tangu siku ya kwanza tulipotaniana."

"Kwa nini basi hukuja kama ndugu?"

"Ningekuja kwa jina gani, binti yangu? Ndugu akija anaulizwa amefuata nini. Mtani haulizwi."

Nilirudi nyumbani. Jina la babu nilikuwa nalo mdomoni, alinitajia, jina zuri refu la Kingoni. Nikamkuta baba peke yake mahali bibi alipokuwa akikaa. Nikalitaja.

Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele ya macho yangu namna ile. Alinitazama kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi.

"Unataka kunifukuza kwenye mlima huu?" aliniuliza.

Ndipo alipozungumza na mimi kama mtu mzima, kwa mara ya kwanza. Mlima unatoka kwa baba, alisema, na baba yake hakuwa na mlima hapa. Wajomba walimpokea akiwa mgongoni, wakampa sehemu ya kulima, wakamwita mtoto wao. Kila mzee alijua. Kwa sababu hakuna aliyesema, hakuna aliyelazimika kusikia. Lakini sasa wazee hao wamekufa, watoto wao wanaitazama kahawa yake kwa jicho jingine, na wanachosubiri ni neno moja tu litamkwe mbele ya watu.

"Wewe ni mwalimu wa historia," alisema. "Wafundishe ya wengine."

Nikamwambia sifundishi tena historia, nafundisha hesabu. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Niliondoka na siri hiyo nikakaa nayo ziwani. Ilinisumbua kuliko malaria. Nilikuwa nawafundisha watoto kugawanya na kujumlisha, na kichwani najibishana na katibu, na baba, na yule mwalimu wa pasi kali. Baadaye kidogo katibu alihamishwa, mwalimu mkuu akanirudishia somo langu, kimya kimya, baada ya mwenzangu aliyelichukua kuugua. Niliingia darasani nikafundisha mambo ya kila mtu, isipokuwa yangu.

Halafu ikaja operesheni. Watu wa milimani waliambiwa wateremke kwenye kijiji cha ujamaa kando ya barabara, kila nyumba na kiwanja chake kilichonyooka kwa kamba. Niliporudi likizo nilikuta nyumba yetu ya juu haina paa. Baba alikuwa kwenye kibanda kipya kisichokauka udongo, jirani zake ni watu wa milima mingine. Bibi alibaki juu na kaburi lake. Mibuni nayo ilibaki juu, bado ya yule aliyeipanda, ikawa kila asubuhi baba anapanda kuihudumia na jioni anateremka, na miguu ilikuwa imeanza kumvimba.

Siku moja tumekaa nje ya kibanda kile, akaangalia mstari wa nyumba akasema, "Huku hakuna aliyezaliwa hapa." Nikasubiri aendelee. Akaomba maji ya kunywa. Nimeligeuza neno hilo miaka yote. Kuna siku naliona ni ruhusa ya kusema, na kuna siku naona alikuwa mzee amechoka, analalamikia jirani.

Alifariki majira ya baridi yaliyofuata, ukungu haujaondoka mlimani siku kadhaa. Sikumkuta akiwa hai.

Walimzika juu, karibu na mama yake. Hata viongozi wa kijiji hawakupinga. Mtani wetu alifika akiwa na mkongojo, na safari hii alikuja na majivu. Nadhani alimwahidi baba. Alinipaka mimi, akampaka kaka yangu mkubwa, akaiga baba anavyobeba kikapu cha kahawa kama mtu aliyebeba askofu, na watu wakaangua kicheko. Kisha akajitupa kaburini na uzee wake wote.

"Mateka wangu amekufa bila ruhusa yangu!" alipiga kelele kutoka chini. "Sitoki! Mzikeni kwingine!"

Wakamletea jogoo. Akasema jogoo huyo amekonda kuliko marehemu. Katekista, aliyekuwa anaona mvua inakuja, akaomba historia ya marehemu isomwe wakati mtani anaendelea kubembelezwa. Watu wakanigeukia mimi. Ni nani mwingine, na kazi yangu ndiyo hiyo?

Watoto wa wajomba walikuwa mstari wa mbele. Kaka yangu alinitazama, na mtazamo wake niliuelewa barabara, maana mibuni ile ilikuwa inakwenda kwake. Historia ya marehemu kwetu huanza hivi: marehemu alizaliwa mahali fulani, mtoto wa fulani. Ningeweza kutaja mlima ule na mjomba, nikapata vema kama zamani. Niliona mbele yangu binti wa mganga amejikunja kwenye dawati. Nikamwona pia baba, mwisho wa shamba, amenishika mkono. Hawa wawili walinivuta kila mmoja kwake na sikuwa na muda.

"Marehemu alizaliwa Ungoni," nilisema, "wakati wa njaa ya Majimaji." Nikalitaja jina la baba yake. Nikataja na jina la bibi, kwamba alitekwa akiwa msichana, na kwamba alirudi kwa miguu akiwa amembeba.

Kicheko kilikatika. Mmoja wa watoto wa wajomba aliinama akaokota kofia yake kwenye majani akaivaa, msibani, mbele ya jeneza.

Najua nililofanya. Msimu uliofuata kaka yangu alikatazwa kuchuma kahawa, akahamia Tingi kuanza upya na jembe la kuazima, na ilichukua muda mrefu sana kabla hajaniitikia salamu. Nimestaafu sasa, nimewafundisha watoto wengi mno mambo ya mababu, na wakiniuliza kama kujua kuna faida, nawaambia ipo. Siwaambii inapatikana bure.

Lakini siku ile, katika kimya kile, tulisikia udongo unachakachika. Mtani alikuwa anasimama kaburini. Hakuna aliyempa kitu. Jogoo bado alikuwa kwapani mwa mtu. Alijipangusa mabega, akavua kofia, akanyoosha mkono atolewe. Hakuna aliyeushika. Nikaenda nikamvuta mwenyewe, na alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Akasogea mpaka kichwani kwa jeneza, mahali wanaposhika ndugu, akaiweka mikono yake hapo.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema.

Alikaa na sisi matanga yote, akanyolewa nywele pamoja nasi, kama wanavyonyolewa ndugu wa marehemu. Mwaka uliofuata ulipotokea msiba mwingine pale kijijini, watu walisubiri kaburini mtani aje, na hakuja mtu.